Barua ya wazi: Kabla umri wa damu haujafika sokoni Mwanjelwa

Kwa Waziri wa Afya,
Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR),
Waganga Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa na Rukwa.

YAH: VIPIMO VYA UMRI WA MWILI VINAVYOSOMA MINYORORO YA SUKARI KATIKA DAMU, NA WAZEE WA NYANDA ZA JUU KUSINI

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu ya kulitumikia taifa. Mimi ni mtumishi mstaafu wa maabara. Nimepima damu za watu kwa miaka 34, sehemu kubwa wilayani Rungwe, na sasa naishi Uyole ambako nalima viazi na kuwasaidia majirani kusoma majibu yao ya hospitali. Huja jioni na karatasi zilizokunjwa mara nne, wananiuliza, "Mzee, hapa wameandika nini?"

Mwaka jana alikuja mama mmoja wa jirani, mwenye miaka 52, na karatasi ambayo sikuwahi kuona mfano wake. Alikuwa ametoka sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kijana mwenye meza, kompyuta ndogo na kijichuma cha kushika mkononi alikuwa amempima "mwili mzima" kwa dakika mbili bila kumtoa hata tone la damu. Karatasi ilisema ini limechoka, figo zina sumu, na chini kabisa, kwa maandishi mekundu: umri wa mwili, miaka 71. Akauziwa makopo ya dawa lishe ya shilingi 280,000, fedha alizopata kwa kuuza parachichi msimu mzima. Fedha ziliniuma, lakini kuna kilichoniuma zaidi. Alikuwa ameacha vidonge vyake vya presha, kwa kuwa aliambiwa makopo yale yanarudisha umri. Nilimpima pale pale barazani, presha ikasoma 190 kwa 110. Tulimkimbiza hospitali usiku ule ule kwa bajaji.

Kijichuma kile hakipimi kitu, na nyinyi mnalijua hilo kuliko mimi. Ninaandika kwa sababu kipo kipimo cha kweli cha umri wa mwili, chenye sayansi nyuma yake, kinachosomwa kwenye damu, na Ulaya tayari kinauzwa kwa watu binafsi. Hicho nacho kitafika. Kikifika Mwanjelwa kabla ya kupita kwenye maabara zetu, mama huyu hatakuwa na njia ya kukitofautisha na kile cha kijichuma, na mimi pale barazani sitakuwa na la kumjibu.

Naomba nieleze kwa lugha ya kawaida, maana barua hii nataka isomwe na wengi.

Neno sukari linatuchanganya. Ukisema sukari kwenye damu, kila mtu anafikiria kisukari. Ile ni glukosi, inapanda ukila na kushuka ukifunga. Tuna pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha glukosi iliyojishikiza yenyewe kwenye himoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita, kwa kuwa chembe nyekundu huishi kama siku 120. Sukari ninayoizungumzia hapa ni ya tatu. Haijishikizi kwa bahati. Mwili wenyewe unaijenga ndani ya seli kwa kutumia vimeng'enya, kipande baada ya kipande, hadi ipatikane minyororo midogo yenye matawi, kisha unaipachika kwenye protini mahali maalumu. Wataalamu wanaiita glaikani.

Mtu anaweza kudhani haya ni mambo ya mbali. Lakini kila aliyewahi kuchangia damu pale kwenye kituo cha damu salama cha kanda yetu, Mbeya, ameshapimwa sukari hizi. Kundi la damu ni sukari. Mwenye kundi A na mwenye kundi B wametofautiana kwa kipande kimoja tu cha sukari kwenye ncha ya mnyororo unaokaa juu ya chembe nyekundu. Wa kundi O hana kipande hicho. Karl Landsteiner aliyagundua makundi haya Vienna mwaka 1901 pasipo kujua kwamba ni sukari. Mimi nami kwa miaka mingi nimedondosha dawa ya bluu ya anti-A na ya njano ya anti-B juu ya kigae cheupe, nikatazama chembe zikishikana, na hakuna aliyeniambia kwamba hapo nasoma sukari. Kitu kidogo namna hiyo ndicho kinachoamua kama damu ya ndugu yako itakuponya au itakuua. Watu wa Kyela wana sababu ya ziada ya kukijali: mtoto wa kundi O ana nafuu fulani dhidi ya malaria kali kuliko mwenye A au B.

Sasa njoo kwenye kingamwili, zile protini za damu zinazopambana na vijidudu. Iliyo nyingi kuliko zote kwenye damu ni IgG, na kila moja ina minyororo miwili ya sukari kwenye shina lake. Mnyororo unaweza kuishia na kipande cha sukari kiitwacho galaktosi, au viwili, au usiwe nacho. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, ila inabadilisha tabia ya kingamwili nzima. Yenye galaktosi, na juu yake asidi ya sialiki, huwa tulivu. Isiyo nayo huchochea moto wa kinga ndani ya mwili, ule moto usioonekana unaokwenda sambamba na kisukari, magonjwa ya moyo na maumivu ya viungo. Mwaka 1985 watafiti walionyesha kwamba wagonjwa wa baridi yabisi wana IgG nyingi zisizo na galaktosi. Baadaye ikaonekana kwamba mwanamke mwenye ugonjwa huo akipata mimba, galaktosi huongezeka na maumivu mara nyingi hupungua. Akijifungua, galaktosi hushuka na maumivu hurudi. Wapo wakunga wa zamani kule kwetu ambao mngewaeleza habari hii wangeitikia kwa kichwa tu, kwa kuwa nusu yake wameiona kwa macho.

Kwa watu wazima, galaktosi hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na kwa wanawake hushuka kwa kasi zaidi hedhi inapokoma. Hapo ndipo wazo la umri wa damu lilipotokea. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi iliyowapima watu 5,117 kutoka jamii nne za Ulaya, ikiongozwa na kundi la profesa Gordan Lauc wa Zagreb, Kroatia. Waligundua kwamba mpangilio wa minyororo hii unaweza kueleza hadi asilimia 58 ya tofauti za umri kati ya mtu na mtu. Sehemu inayobaki ndiyo inayowavutia wanasayansi: wenye damu iliyoonekana kuuzidi umri wao walikuwa pia na dalili nyingine za afya mbaya, zikiwemo zinazohusu sukari na mafuta ya damu. Mwaka 2018 ulizinduliwa mradi wa kimataifa wa kuzisoma glaikani za binadamu, kama ilivyofanywa kwa vinasaba. Imeonekana pia kwamba mpangilio huu hubadilika. Watu wenye unene uliopitiliza wakipungua uzito sana, galaktosi hurudi kwa kiasi.

Nawaheshimu waliofanya kazi hiyo. Nimekaa maabara, najua jasho la kusafisha IgG kutoka kwenye plazma za watu elfu tano, kuikata minyororo kwa kimeng'enya, kuitia rangi na kuipitisha kwenye mashine hadi itoe mchoro wenye vilele 24 kwa kila mtu. Swali langu ni moja na ndilo lililonifanya nichukue kalamu: damu iliyotumika kutengeneza kipimo hiki, saa hii ya kuhesabu umri wa mwili, ni ya nani?

Ni ya watu ambao wengi wao hawajawahi kuugua malaria. Hawakukua na minyoo, hawakupikia kuni miaka hamsini kwenye jiko lisilo na dohani kama akina mama wa Makete na Ludewa. Mwaka 2016 watafiti walipima IgG za watu wa Gabon, Ghana, Ekwado na Ulaya, wakakuta wanaoishi vijijini na kwenye umaskini wana galaktosi kidogo zaidi. Maana yake ni nini? Ukiichukua saa iliyotengenezwa Ulaya ukaenda nayo kijijini, kijana mzima mwenye nguvu za kubeba gunia la viazi anaweza kusomeka mzee. Na pengine si mzee. Pengine kinga yake imezoea kupigana, na kupigana huko ndiko kulikomwokoa utotoni. Kwa wajawazito wa Ghana imeonekana kwamba kingamwili dhidi ya vimelea vya malaria vinavyong'ang'ania kondo la nyuma mara nyingi zimekosa sukari nyingine iitwayo fukosi, na kukosa huko kunazifanya ziwe kali zaidi katika kuwaita askari wa mwili. Kinachosomeka kama hitilafu kwa mtu wa Zagreb kinaweza kuwa silaha kwa mtu wa Matema, kando ya Ziwa Nyasa.

Lakini naomba msikimbilie kuhitimisha kwamba kijijini ndiko kwenye moto, mjini ndiko kwenye utulivu. Watafiti wa Kilimanjaro wakishirikiana na Waholanzi walichapisha mwaka 2021 matokeo ya Watanzania 323 wenye afya, na hali ikawa kinyume: wakazi wa mjini ndio waliokuwa na dalili zaidi za moto wa kinga, na chakula kilihusika. Mwaka 2025 wakatoa kazi nyingine. Wanaume 77 waligawanywa: wa kijijini wakala chakula cha kizungu kwa wiki mbili, wa mjini wakarudishwa kwenye vyakula vya asili, na wengine wakanywa mbege kwa wiki moja. Wiki mbili tu zilitosha kubadilisha alama za moto kwenye damu: waliohamia chakula cha kizungu zilipanda, waliorudi kwenye cha asili zikashuka. Kazi hizo hazikupima glaikani kwa namna ninayoizungumzia, zilipima mambo mengine ya kinga. Ndiyo sababu hatuwezi kukisia. Gabon inasema hivi, Moshi inasema vile, na Mbeya, Njombe na Iringa bado hatujaulizwa. Mbege ya Wachaga imeshaingia kwenye majarida makubwa ya tiba duniani. Nani atatuambia togwa ya ulezi inafanya nini, au ulanzi wa Iringa, au chakula cha ndizi na maharage tulichokulia Rungwe?

Kanda yetu ina kila kitu cha kuifundisha dunia juu ya jambo hili. Kyela ipo kando ya Ziwa Nyasa, chini ya mita 500 hivi, joto na mbu mwaka mzima. Panda gari asubuhi, kabla ya mchana uko Mbeya kwenye mita 1,700, na ukiendelea Makete unapita mita 2,000, ambako wapo wazee hawajawahi kulala ndani ya chandarua maishani mwao. Watu wa ukoo mmoja wamegawanyika kati ya joto na baridi, malaria na isiyo malaria. Mtafiti akitaka kujua ni nini kinachozeesha damu, umri wenyewe au magonjwa, angeenda wapi kupata mahali bora zaidi?

Na kuna jambo zito zaidi. Utafiti wa viashiria vya VVU wa 2022/23 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Wale waliookolewa na dawa za kufubaza virusi sasa wanafikia miaka 55, 60, 65. Hii ni furaha kubwa kwetu sote tuliozika vijana miaka ya tisini, tukawa tunarudi makaburini kabla udongo wa jana haujakauka. Lakini mwaka 2024 zilitoka taarifa kwamba wanaoishi na VVU, hata wakiwa kwenye dawa, glaikani zao zinaonyesha umri mkubwa kuliko wa wenzao wasio na virusi. Kwa Njombe, Makete, Mufindi, hilo si jambo la kusoma na kupita. Kama kuna alama kwenye damu inayoweza kutuonya mapema kwamba mzee huyu wa miaka 58 anaelekea kwenye ugonjwa wa moyo, kliniki zetu za tiba na matunzo zina haki ya kuwa za kwanza kuijua. Kifua kikuu nacho kimo: mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba sukari za kingamwili hutofautiana kati ya mtu mwenye vimelea vilivyolala na mwenye kifua kikuu kilichoamka.

Sasa hazina. Kati ya mwaka 2006 na 2011 watafiti wa Mbeya walizunguka maeneo tisa ya mkoa, kaya kwa kaya, kila mwaka, wakifuatilia watu wapatao 18,000. Mradi uliitwa EMINI, wengi vijijini wanaukumbuka. Watu walitoa damu, na sampuli zikahifadhiwa. Miaka kadhaa baadaye, kwa kutumia damu hiyo hiyo iliyolala kwenye friza, watafiti waliuliza swali jipya. Waliwaangalia watu 2,699 wa Kyela na kugundua kwamba wenye minyoo ya matende na mabusha walikuwa wakiambukizwa VVU kwa takriban mara mbili ya wenzao. Mwaka 2016 dunia nzima ilisoma habari hiyo, na ilitoka kwenye damu ya wakulima wa mpunga na kokoa.

Damu ya mtu yule yule, mwaka baada ya mwaka. Anayetafuta saa ya umri hawezi kuomba zaidi ya hapo. Ukimpima mtu mmoja leo unapata picha. Ukipata damu yake ya miaka mitano mfululizo unaona anakotoka na anakokwenda, na ukimtembelea leo, miaka zaidi ya kumi baadaye, unajua nani ameugua nini. Naomba NIMR itazame kilichobaki kwenye mafriza na ikitenge kwa kazi hii, ikiwa maadili yataruhusu.

Nimesema maadili. Watu wale walitoa damu kwa ajili ya magonjwa waliyoelezwa. Hawakuambiwa habari ya umri wa damu. Kamati ya maadili ya taifa ina utaratibu wake, lakini naomba zaidi ya utaratibu: rudini vijijini, muitishe mkutano, mtoe mrejesho wa yale yaliyopatikana mara ya kwanza, ndipo muombe ya pili. Nimekutana na wanaume Kyela waliotoa damu miaka ile ambao habari ya minyoo na VVU hawajawahi kuisikia. Na sampuli zikilazimika kupanda ndege kwa sababu mashine haipo hapa, kila boksi lisindikizwe na kijana wa Mbeya atakayejifunza kazi hiyo na kurudi nayo. Mashine ya kutenganisha minyororo hii ni ndugu wa zile zinazotumika kupima ubora wa dawa. Haiishindi nchi yetu.

Kuna ugumu mmoja ambao mtaalamu kutoka nje hataufikiria, nami naufahamu kwa sababu ninaishi nao nyumbani. Saa ya umri hutengenezwa kwa watu wanaojulikana umri wao. Mama yangu mzazi ana miaka mingapi? Kadi yake ya ubatizo inasema alizaliwa 1938. Kadi ya mpiga kura inasema 1942. Kitambulisho cha taifa kimempa tarehe moja Januari 1940, siku ya kuzaliwa ya wote wasioijua yao. Mwenyewe anasema wanaume walipoondoka kwenda vita vya Hitler alikuwa ameshaanza kubeba mtungi, na akisema hivyo mimi namwamini kuliko karatasi zote tatu. Mkimweka mama yangu kwenye utafiti kwa kunakili kitambulisho, mtakuwa mmekosea kwa miaka saba au zaidi kabla hata sindano haijamgusa, halafu mtashangaa kwa nini damu yake "imezeeka kupita umri". Vitabu vya ubatizo vipo. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na misheni nyingine Unyakyusa, Ubena na Uhehe zina vitabu vya miaka mingi. Wapo watu waliobatizwa wakiwa wachanga ambao siku yao ya kuzaliwa iliandikwa wiki ile ile. Waombeni wachungaji na mapadri. Anzeni na hao, na wazee wengine umri wao utafutwe kwa matukio, kwa kukaa nao chini na kuwasikiliza, kazi ambayo kijana wa chuo akifundishwa siku mbili anaiweza.

Wakati utafiti ukiendelea, kuna mambo yasiyoweza kusubiri. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, pamoja na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya, wapige marufuku karatasi yoyote inayompa Mtanzania "umri wa mwili" bila kueleza kipimo hicho kilitengenezwa kwa damu ya watu gani. Iandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani. Meza za vijichuma zifungwe kabisa. Nimeshaziona stendi, sokoni, hata nje ya makanisa.

Na bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023 na sote tuliisubiri kwa hamu. Isije siku mtu wa Njombe akapangiwa mchango mkubwa, au kijana akanyimwa ajira, kwa sababu sukari za kingamwili zake zimemsoma mzee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazigusa taarifa za afya. Naomba kanuni ziseme waziwazi kwamba umri wa damu umo. Mtumishi wa umma anastaafu akiwa na miaka 60 ya kalenda. Isitokee ofisi yoyote ikaanza kuhesabu kwa kalenda nyingine.

Sitaki pia kipimo hiki kiyale mafungu ya vitu vya kawaida. Mwezi Agosti nilimsindikiza mzee mwenzangu kwenye zahanati moja ya kijiji. Mashine ya presha ipo, betri hakuna. HbA1c hawajawahi kuipima. Wanapima glukosi ya kidole siku vitepe vikiwepo. Dirisha la wazee limeandikwa vizuri kwa rangi ya bluu, na muuguzi alitupokea kwa heshima zote, lakini hakuwa na cha kutupimia. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa kwanza mwaka 2003. Betri, vitepe na HbA1c kwa kila kituo cha afya vitangulie, na utafiti wa glaikani upate fedha zake pembeni, zisizotoka kwenye fungu la zahanati. Lakini viunganishwe kwenye ziara ile ile: mzee aliyekuja kutoa damu ya utafiti apimwe presha na sukari siku hiyo hiyo na aondoke na majibu na dawa, asirudi nyumbani na asante na sabuni ya kipande.

Mwisho ni ombi langu binafsi. Kazi hii inaweza kuanza kwa damu kavu kwenye karatasi, ile ile DBS ambayo wauguzi wetu wanaitumia kuwapima VVU watoto wachanga. Karatasi inasafiri kwa basi bila barafu. Lakini vidole vya mzee si sawa na kisigino cha mtoto. Juni na Julai, Makete au Uyole, damu ya kidole haitoki, na kijana mwenye haraka ataanza kukamua. Akikamua anachanganya damu na maji ya nyama, na sampuli imeharibika. Mpe mzee kikombe cha chai ya moto akishike kwa mikono yote miwili. Muulize habari za wajukuu, akitaja wa tatu vidole vimeshapata joto. Choma pembeni ya kidole, usichome katikati ambako anashikia jembe. Futa tone la kwanza. La pili liache lijae na kudondoka lenyewe, lijaze duara zima upande mmoja, usirudishie. Karatasi ikauke kivulini kwa muda wa saa nne, mbali na moshi wa jiko na inzi. Niko tayari kuwafundisha vijana wenu haya yote, kata kwa kata, bila malipo. Nauli ya kutoka Uyole ninayo, na mama ameshakubali kuwa kidole cha kwanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mstaafu wa maabara,
Uyole, Mbeya.